Tonga na mkongo mmoja

(Hotuba kwa mafundi wahitimu wa mitandao, Tanga. Nimeiandika upya kutokana na nilivyozungumza siku ile. Nimepunguza matani na kuongeza tarakimu ambazo ukumbini sikuzitaja.)

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri usiku kucha, nanyi wahitimu wenyewe: asalaam alaikum, na habari za asubuhi.

Nimekuja na kipande cha mkongo wa baharini. Kimeanzia mstari wa mbele, mpokezane taratibu, kila mmoja akitazame pale kilipokatwa. Nje ni plastiki ngumu. Ndani yake kuna bomba la shaba, kisha nyuzi za chuma zilizosokotwa, na katikati kabisa, ndani ya ule utelezi unaofanana na mafuta ya mgando, kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Wengi wakisikia mkongo wa baharini hudhani ni kitu kinene kama gogo la mnazi. Karibu na ufukwe ni kweli huvalishwa deraya za chuma, kwa sababu ya nanga na miamba. Lakini kule kwenye kina cha maelfu ya mita unalala hivyo hivyo mnavyouona, unene wa mpira wa kumwagilia bustani.

Leo nataka kuwasimulia nchi ambayo ilijenga mtandao wake wa kisasa juu ya kipande kimoja kama hicho.

Ufalme wa Tonga uko Pasifiki ya Kusini, mashariki ya Fiji. Una visiwa 170 hivi, vyenye watu havifiki 50, na wananchi wote ni kama laki moja. Sensa yetu ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya 390,000 katika jiji hili la Tanga peke yake. Kwa hiyo Tonga nzima, pamoja na mfalme, bunge na mabalozi wake, ingetosha katika kata chache za hapa mjini. Kisiwa kikubwa ni Tongatapu, ndiko uliko mji mkuu, Nuku'alofa. Ukielekea kaskazini unakutana na Ha'apai, halafu Vava'u.

Kabla ya 2013 nchi hiyo ilizungumza na dunia kwa dishi. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 36,000 juu, sauti inakwenda na kurudi, wewe umeshasema "haloo" mara mbili ndipo mwenzako anaitika ya kwanza. Bei yake, msiulize. Hawakuwa wageni wa mambo ya anga, lakini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tonga iliomba nafasi 16 za setilaiti angani, juu ya Pasifiki, nafasi ambazo nchi kubwa zilikuwa zikizimezea mate. Wakubwa walipiga kelele, Tonga ikaishia kupata chache, lakini mjue kwamba hawa ni watu wenye akili ya biashara. Ninawaambia haya mapema ili mtakaposikia yaliyowapata msiseme ni uzembe wa watu wa visiwani.

Agosti 2013 mkongo ukafika. Kilomita 827, kutoka Suva, Fiji, hadi Nuku'alofa. Kwa hapa kwetu ni karibu sawa na safari ya ndege ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, ila njia yote ni maji. Fedha zilitoka Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Asia. Pale Suva ukaungana na mkongo mkubwa uitwao Southern Cross, unaokwenda Australia, New Zealand na Marekani. Mwaka 2018 wakaongeza mkongo wa ndani, kilomita 400 hivi, kupanda hadi Ha'apai na Vava'u. Kampuni za simu zilikuwa mbili, moja ya serikali na nyingine Digicel, na ghafla kijana wa Nuku'alofa akawa anaangalia video kama kijana wa Auckland.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana fundi asiyejua bei ya kitu anachokiunga huwa mtumwa wa mwenye kujua.

Mkongo unalipiwa kwa kilomita. Hauulizi upande wa pili kuna watu wangapi. Zile kilomita 827, meli iliyozitandaza, na ripita zake za kuipa nguvu ishara njiani, gharama ni ile ile ukiwa na wateja milioni kumi au laki moja. Kwa wateja milioni kumi, mkongo wa pili ni biashara. Mwenye mtaji atauleta mwenyewe, na wa tatu, na wa nne. Kwa laki moja, hata ule wa kwanza unahitaji msaada. Kisha anakuja mtaalamu wa fedha na jedwali lake, anaonyesha kwamba mkongo uliopo unatumika sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Anauliza: wa pili wa nini? Na kwenye jedwali lake yuko sahihi kabisa. Jedwali lina safu ya mapato na safu ya matumizi. Safu ya nanga haimo, wala ya volkano.

Nanga ilitangulia. Tarehe 20 Januari 2019 mkongo wa Tonga ulikatika, nchi ikawa gizani kwa karibu wiki mbili. Uchunguzi uliinyooshea kidole meli iliyokokota nanga. Walichokuwa nacho kando ni uwezo mdogo wa setilaiti, wakaugawa kwa kibaba: mitandao ya kijamii ikafungwa ili benki, uwanja wa ndege na hospitali zipate pa kupumulia. Meli ikaja, ikaunga, maisha yakaendelea. Mwaka huo huo serikali ikatia saini mkataba wa miaka 15 na kampuni moja ya setilaiti, iwe njia ya akiba. Wekeni huo mkataba kichwani, tutaurudia.

Tarehe 15 Januari 2022, Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni. Volkano iitwayo Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, iliyo chini ya bahari kilomita 65 kaskazini ya Nuku'alofa, ikalipuka. Moshi na jivu vilipanda kilomita zaidi ya 50 juu. Mlio ulisikika hadi Alaska. Mawimbi ya tsunami yakafagia vijiji vya pwani ya magharibi ya Tongatapu, na kwenye kisiwa cha Mango nyumba zote zikaondoka. Jivu likaanguka kama mtu anamwaga saruji.

Na mkongo? Hapa pana jambo ambalo mimi mwenyewe, miaka yote hii ya kazi, sikuwa nalijua. Mlipuko haukukata mkongo kwa kuupiga. Ile nguzo ya jivu na mawe ilipoanguka baharini, haikutulia. Ilishuka kwenye miteremko ya volkano chini ya maji kama mafuriko ya tope, na wanasayansi waliopima baadaye walikadiria kasi iliyofika kilomita 122 kwa saa. Basi la mikoani halikimbii hivyo, au angalau haliruhusiwi. Tope hilo lilisafiri zaidi ya kilomita 100 sakafuni. Mkongo wa ndani, ulio karibu, ulikwenda kwanza. Wa kimataifa ukafuata saa moja na ushee baadaye. Kwa maana nyingine, kwa saa moja hivi baada ya mlipuko bado Tonga ilikuwa hewani, watu wanapiga simu, wanatuma picha za anga jeusi, na huku chini tope linakuja.

Kisha kimya. Watonga wanaoishi New Zealand, Australia na Marekani ni wengi kama waliobaki nyumbani, au zaidi. Fikirieni mtu yuko Auckland, ameona wingu kwenye picha za setilaiti, anapiga simu kwa mama yake, simu haiiti hata kidogo. Siku ya kwanza. Siku ya pili. New Zealand ilibidi irushe ndege ya jeshi kwenda kutazama kwa macho kama nchi bado ipo. Wenyewe kwa wenyewe pale Tongatapu waliweza kupigiana, minara iliyosalia ilikuwa na uhai, lakini mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Siku ya nne ndipo laini chache za nje zikarudi. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kilikuwa na dishi lake pale, wakalitumia kurejesha tuji (2G), ule mtandao wa simu wa zamani. Wanangu, tuji! Hiyo mnayoicheka, ndiyo iliyowaambia watu "mama mzima".

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kwa sisi tuliozoea pesa za simu halihitaji maelezo marefu. Pesa zinazotumwa na ndugu wa nje ni karibu sehemu mbili kati ya tano za pato la Tonga. Mkongo ulipokatika, pesa hizo zikakwama. Watu walipanga foleni mbele ya maduka ya kupokelea pesa, nyumba zimejaa jivu, maji ya kisima yameharibika, na fedha zao ziko kwenye kompyuta ya nchi nyingine, zinawangoja.

Sasa njooni kwenye kazi yetu, kazi ya mafundi. Unajuaje mkongo umekatika wapi, na uko chini ya bahari? Mnaijua mashine, mmefanyia mtihani. Unatuma mwale wa mwanga kwenye faiba, ukifika penye mkato sehemu yake inarudi, unapima muda. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Pale Nuku'alofa jibu lilirudi kwa muda usiofika nusu ya elfu moja ya sekunde: mkato uko kilomita 37 kutoka nchi kavu. Kwa mkongo wa ndani, kilomita 47. Mtu aliyesoma namba ile kwenye kioo cha mashine alikuwa amepata habari ya kwanza ya uhakika kuhusu yaliyotokea kule chini, kabla ya mwanasayansi yeyote.

Ila mashine ile inakuambia mkato wa kwanza tu. Nyuma yake hakuna mwanga, kwa hiyo hakuna habari.

Meli ya matengenezo, CS Reliance, ilikuwa Port Moresby, Papua New Guinea. Ikapitia Samoa kuchukua vifaa, ikafika Tonga mwanzoni mwa Februari. Na kufika si kuanza. Meli ya namna hii hushusha chuma chenye kulabu, mfano wa nanga ya kuvulia kitu kisimani, inaikokota sakafuni polepole hadi inase mkongo. Ukipandishwa unakatwa pale penye uzima, ncha inafungwa kwenye boya, meli inakwenda kutafuta ncha ya pili. Tonga ncha ya pili haikuwa mahali ilipotarajiwa. Mkongo ulikuwa umekatika vipande vipande, vingine vimesombwa, vingine vimezikwa. Ikabidi watandaze upya zaidi ya kilomita 80.

Halafu kuunga kwenyewe. Nimewahi kusimama ndani ya chumba cha kuungia, si kwenye meli ile, kwenye nyingine, na sijasahau jinsi kulivyokuwa kimya. Meli yote inavuma na kuyumba, na fundi mmoja ameinama juu ya meza kama mwenye kutia uzi kwenye sindano. Anamenya rangi ya faiba, anaifuta kwa spiriti, anaikata ncha iwe sawa kabisa, anaiweka kwenye mashine, anaangalia ncha mbili zikikutana kwenye kioo, anabonyeza, cheche moja ya samawati, basi. Anapima. Ikipoteza mwanga kupita kiasi anakata na kuanza tena. Akimaliza nyuzi zote, kiungio kinafungwa ndani ya chuma, kinakaguliwa, ndipo kinarudi majini. Niliuliza kama ninaweza kukaa karibu nione vizuri. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kaa, lakini usipige chafya."

Tarehe 22 Februari 2022, wiki tano na siku tatu tangu mlipuko, Tongatapu ikarudi mtandaoni. Magazeti yakaandika kwamba Tonga imeunganishwa tena, na dunia ikaendelea na mambo yake. Ha'apai na Vava'u hawakuwa wameunganishwa. Mkongo wao wa ndani uliharibika kwa urefu ambao akiba ya ghalani haikutosha, ikabidi mwingine utengenezwe kiwandani. Walingoja mwaka mmoja na nusu hivi, wakiishi kwa setilaiti. Mwaka mmoja na nusu, jamani, na kwenye takwimu nchi "ina mtandao". Nawaomba mtakapokuwa maofisini, mkisoma sentensi ya kwamba nchi fulani imeunganishwa, muulize: mpaka kisiwa gani?

Na ule mkataba wa akiba wa 2019? Siku volkano ilipolipuka haukuwa unafanya kazi. Pande mbili zilikuwa zinagombania malipo, mabilioni kadhaa kwa shilingi zetu. Setilaiti ilikuwepo juu, nchi ilikuwepo chini, karatasi ilikuwepo kabatini.

Sicheki, kwa sababu nimewahi kuwa ndani ya hadithi hiyo hiyo. Nilipokuwa kijana kama ninyi nilitumwa kwenye kisiwa kimoja cha hapa kwetu, mnara umezimika. Umeme wa gridi ulikatika tangu alfajiri. Nikaambiwa usiwe na wasiwasi, jenereta la akiba lipo. Kweli lilikuwepo, limefunikwa turubai safi, limepakwa rangi, lina namba ya mali ya kampuni. Nilipofunua turubai, betri ya kuwashia imevimba, na panya wametoboa mpira wa dizeli wakafanya kiota pale pale. Kwenye daftari la ukaguzi kulikuwa na saini ya kila mwezi: "Jenereta lipo." Hakuna aliyesema uongo. Kilichoulizwa ni kama lipo. Hatukuulizwa kama linawaka. Kampuni siitaji, na mmoja wa wenye saini zile yuko ukumbini, tumeshasameheana.

Baada ya mlipuko kampuni ya Marekani ya SpaceX ilijenga kituo cha ardhini Fiji na kuwapa Tonga bure vifaa 50 vya Starlink, huduma yake ya intaneti ya setilaiti. Tangu hapo kila ninapozungumzia mikongo kijana mmoja husimama akaniuliza: mzee, bado mnahangaika na nyaya za nini? Setilaiti za sasa ziko chini, hazicheleweshi sauti, dishi unalibeba begani.

Swali zuri, na jibu lake limo katika yaliyotokea Tonga Juni 2024. Tetemeko likauharibu tena ule mkongo wa ndani. Vava'u na Ha'apai wakabaki bila mtandao, wiki zikapita. Safari hii watu wengi walikuwa na madishi ya Starlink nyumbani, lakini huduma ilikuwa haina leseni, na mamlaka ilikuwa imeitaka kampuni isimame. Wananchi wakapiga kelele, serikali ikatoa ruhusa ya miezi sita. Kwa hiyo mara ya kwanza karatasi ilikuwepo bila huduma, mara ya pili huduma ilikuwepo bila karatasi. Mimi sina ugomvi na dishi. Dishi likae juu ya kila zahanati na kila kituo cha polisi cha kisiwani, liwe na leseni, liwe na sola, na kila mwezi mtu alizimie mkongo kwa makusudi aone kama linashika. Lakini huwezi kupitisha shule zote, benki zote na foleni zote za pesa za nchi kwenye madishi yaliyoletwa kama tairi la akiba, na pia mwenye tairi ni mmoja na anakaa mbali. Na jivu likianguka juu yake, nani anapanda kulifuta?

Wenyewe Tonga wameamua. Mpango wao, kwa msaada wa Australia na New Zealand, ni mkongo wa pili wa kimataifa wa kutua Vava'u, upande wa kaskazini, uunganishwe na mkongo wa Hawaiki unaopita kuelekea Marekani. Angalieni mahali: kaskazini. Wa kwanza unaingilia kusini. Wakiwa na milango miwili na mkongo wa ndani katikati, basi mkato mmoja hauzimi nchi. Mawasiliano ya Vava'u yanatokea kwao, ya Nuku'alofa yanatokea kwao, na kila mmoja anaweza kumbeba mwenzake. Yule mtaalamu wa jedwali bado hatakubali, kwa sababu ukiuweka kwenye jedwali mkongo huo hautajilipa. Mnara wa taa wa bandarini nao haujawahi kujilipa.

Msidhani nimewapeleka Pasifiki kwa sababu kwetu ni salama. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, mikongo miwili ya pwani yetu, EASSy na SEACOM, ilikatika kaskazini ya Durban, na mchana ule Dar es Salaam hakuna aliyeweza kufungua hata barua pepe kwa raha. Mnakumbuka, nyie ndio mliokuwa mkiwasha na kuzima ruta za chuo mkidhani ni za chuo. Tulikuwa na nafuu moja ambayo Tonga hawakuwa nayo: kabla meli ya matengenezo haijamaliza kazi, kampuni zilikuwa zimeshahamishia sehemu ya mawasiliano kwenye njia nyingine, kwa sababu njia nyingine zilikuwepo. Zilikuwepo kwa kuwa sisi ni wengi. Mteja wa Vava'u hana wingi huo wa kumtetea.

Na hata hapa, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja kwa sababu zilipitia jirani. Mbili kwenye ramani, moja sakafuni. Mtakapopewa kazi ya kuchora njia ya pili, iwe ya baharini au ya nguzo za kando ya barabara kutoka Korogwe hadi Lushoto, nendeni kwa miguu mkaone inapita wapi. Nimeona faiba mbili za kampuni mbili, mkuu alijivunia kwamba ana njia mbili, na zote zimelala kwenye mtaro mmoja. Greda likapita mara moja.

Nimeona saa inanionyesha kidole. Maswali nitayachukua nje, kivulini. Kile kipande cha mkongo kimefikia wapi? Naomba kirudi mezani, si changu, ni cha maabara, na ndicho kimoja tu walicho nacho.